Mlima Unaotema Magadi

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi? Asanteni kwa kuja. Foleni ya jioni hii nimeionja na mimi.

Nataka nianzie jikoni. Hakuna mtu humu ndani ambaye hajala maharage yaliyolainishwa kwa magadi. Basi hapa hapa nchini kuna mlima unaotema magadi yaliyoyeyuka, ya moto, yanayotiririka kama oili chafu ikimwagwa gereji. Ni Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron. Kwa Kimasai ni Mlima wa Mungu, na wenyewe bado huenda kusali chini yake. Kati ya volkeno zote zilizo hai duniani leo, ni huo peke yake unaotoa lava ya namna hiyo. Na moja ya madini makuu ndani ya lava hiyo linaitwa nyerereiti, kwa heshima ya Mwalimu. Mnacheka, lakini sitanii.

Nawaambia haya kwa sababu miguu yenu inahusika: mlima huo ndio tunaokwenda kuupanda. Lava ya volkeno za Hawaii hupita nyuzi joto 1,100. Inawaka nyekundu, hata mtoto mdogo anajua kukimbia. Hii ya kwetu iko kati ya nyuzi 500 na 600, kwa hiyo jua likiwa kali huoni mwako wowote. Unachoona ni tope jeusi linalong'aa. Sisi wa Dar tope tunalolijua ni la Jangwani mvua ikikatika, tunapandisha suruali tunapita. Kule ukipandisha suruali, mguu haurudi. Halafu likishapoa, hunyonya unyevu wa hewani, na ndani ya siku chache linageuka jeupe. Ukiwa mbali utaapa kwamba kileleni kuna theluji.

Ndiyo maana kwenye kikundi chetu cha wapanda milima nasisitiza mwongozaji, tena mwenyeji wa Engare Sero, kijiji kilicho karibu na mahali tunapoanzia. Mwaka jana mmoja wenu aliniambia, "Mwalimu, njia nimeipakua kwenye simu." Sawa, lakini njia ya lini? Ngojeni niwaeleze yaliyotokea 2007.

Kabla ya mwaka huo kreta ya kaskazini, yaani shimo la kileleni linalotoa lava, ilikuwa imejaa. Lava ilikuwa ikipanda kidogo kidogo kwa miaka, mpaka 1998 ikaanza kumwagika nje ya ukingo. Wapandaji walikuwa wakitembea juu ya sakafu ya kreta kama uwanja, wakizunguka minara ya lava iliyosimama kama vichuguu vya mchwa. Julai 2007 ardhi ya kaskazini ikaanza kutetemeka, hata Nairobi watu wakatoka nje ya majengo. Septemba mlima ukalipuka, safari hii si kwa kutiririka bali kwa majivu, na ukaendelea hivyo hadi 2008. Ulipotulia, ule uwanja haukuwepo. Palikuwa na shimo lenye kuta zilizosimama wima, na lava ikaanza upya huko chini kabisa. Mtu mwenye ramani ya 2005 angetembea kwa kujiamini hadi hewani.

Mimi mwenyewe nilifunzwa adabu pale juu. Tulifika alfajiri, nikaona ukingo mzuri wa kupigia picha, nikajisogeza. Kijana aliyetuongoza, umri wa mwanangu wa mwisho, akaniwekea fimbo kifuani. "Mzee, hapana." Nikamwambia mbona pagumu tu. Akaigonga ardhi kwa fimbo yake mara mbili, ikalia kama ngoma. Chini palikuwa patupu. Wiki iliyopita, akasema, palikuwa pameenda mbele zaidi, kipande kikaanguka. Hilo hakulisoma popote, alikuwa amepanda wiki iliyopita. Nilirudi nyuma kimya kimya, na picha sina.

Sasa safari yenyewe. Kilele kina karibu mita 2,960, kama nusu tu ya Kilimanjaro, na hapo ndipo watu wanapodanganyika. Kilimanjaro unagawiwa siku tano, sita. Lengai unapanda na kushuka kwa mkupuo mmoja: kuondoka mnamo saa sita usiku, saa tano au sita za kupanda, na kule juu mteremko ni mkali kiasi kwamba mikono inafanya kazi ya miguu. Tunakwenda usiku kwa sababu hakuna kivuli hata cha kuku, na mchana bonde lile ni tanuri. (Faida nyingine ya giza ni kwamba huoni ulipotoka. Wengine wangegeuza.) Maji hakuna mlimani, beba lita tatu au nne zako. Kushuka ndiko kunakoua magoti: majivu yaliyoganda yanateleza, na yakivunjika yanakuwa changarawe chini ya buti. Mwongozaji akisema turudi, iwe ni kwa harufu, ngurumo au ukungu, tunarudi, hata kama zimebaki mita hamsini. Pesa yako umemlipa kwa ajili ya neno hilo pia.

Kama magoti yatawaruhusu, siku ya pili tutakwenda kuona nyayo za Engare Sero. Ni nyayo za binadamu zaidi ya 400, waliopita kwenye tope la majivu maelfu ya miaka iliyopita, likakauka nazo. Ukiangalia vidole vilivyokandamiza, unaona kabisa nani alikuwa anakimbia na nani anatembea. Mimi hapo hukaa muda mrefu kuliko kileleni.

Kuna dada pale nyuma aliandika swali kwenye karatasi: je, tunaweza kubeba magadi ya mlimani tukaja kupikia? Hapana, mama. Yale yana florini na bariamu na mengine yasiyofaa tumboni. Na mlima wa watu wanaousali hauchokonolewi. Magadi nunua Kariakoo. Basi letu linaondoka stendi ya Mbezi alfajiri, na dereva hamsubiri mtu.