Ridhaa ya Wananchi katika Umoja wa Ulaya: Bado Nauliza Kuhusu 2005

Mabibi na mabwana, kila ninapoalikwa kuzungumzia Umoja wa Ulaya huanzia mwaka 2005, na leo nitaanzia hapo hapo, kwa sababu swali langu, kwa nini wananchi waliokataa mkataba hawakuulizwa tena, sijalipatia jibu la kuniridhisha.

Tarehe 29 Mei mwaka huo Wafaransa waliulizwa kama wanaukubali Mkataba wa Katiba ya Ulaya. Hawakushtukizwa. Mkataba wote, ibara 448, ulitumwa majumbani kwa wapiga kura, ukasomwa na kubishaniwa kwa miezi. Takriban asilimia 69 ya waliojiandikisha walijitokeza, na karibu asilimia 55 ya kura zikawa za hapana. Siku tatu baadaye Waholanzi nao wakaukataa, kwa zaidi ya asilimia 61.

Desemba 2007 viongozi wakatia saini Mkataba wa Lisbon. Neno katiba liliondolewa, bendera na wimbo wa Umoja vikatolewa kwenye maandishi, waziri wa mambo ya nje wa Umoja akabadilishiwa cheo. Lakini sehemu kubwa ya yale yaliyokataliwa, kuanzia kanuni za kupiga kura katika Baraza la Mawaziri hadi cheo cha Rais wa Baraza la Ulaya, yaani kikao cha wakuu wa nchi wanachama, ilirudi ikiwa imetawanywa katika marekebisho ya mikataba ya zamani, futa maneno haya, weka haya, hata msomaji asiye na mikataba hiyo mezani asielewe kinachobadilishwa. Valéry Giscard d'Estaing, aliyeongoza uandishi wa katiba ile, alisema waziwazi kwamba zana ni zile zile na kilichobadilika ni mpangilio wake sandukuni. Februari 2008 Bunge la Ufaransa likauridhia. Wananchi hawakuulizwa tena.

Najua nitakachojibiwa: Nicolas Sarkozy alitangaza katika kampeni yake ya urais ya 2007 kwamba ataupeleka mkataba mpya bungeni, naye akachaguliwa. Ni kweli. Lakini rais huchaguliwa kwa mambo mengi kwa pamoja, ilhali mwaka 2005 swali lilikuwa moja na jibu lake moja, na jibu la namna hiyo hutenguliwa na waliolitoa. Wengine husema Wafaransa walikuwa wakimwadhibu Rais Chirac tu. Basi mbona Wahispania, walioukubali mkataba ule ule kwa asilimia 77 Februari 2005 huku waliojitokeza wakiwa asilimia 42 tu, hakuna aliyewachunguza nia zao? Kura ya hapana ndiyo peke yake inayotakiwa kujieleza, na hilo silikubali.

Ireland ilikataa Lisbon mwaka 2008, ikaukubali mwaka 2009 baada ya kupewa dhamana kuhusu kodi, kutofungamana kijeshi na kubaki na kamishna wake katika Kamisheni, chombo cha utendaji cha Umoja. Sina ugomvi mkubwa na hilo. Walau wananchi waliulizwa, tena kwa sababu Mahakama ya Juu ya Ireland iliamua, katika kesi ya Raymond Crotty ya 1987, kwamba mabadiliko makubwa ya mikataba ya Ulaya yanahitaji marekebisho ya katiba ya nchi, nayo hupigiwa kura na wananchi.

Muda unanibana, kwa hiyo la uwajibikaji nitaligusa tu. Mwaka 2019, katika uchaguzi wa Bunge la Ulaya, vyama viliwatangazia wapiga kura wagombea wao wa urais wa Kamisheni. Wakuu wa nchi wakampendekeza Ursula von der Leyen, ambaye hakuwa miongoni mwa wagombea hao, na Bunge likampitisha kwa kura 383, tisa tu juu ya zilizohitajika. Bunge hilo laweza kuing'oa Kamisheni nzima kwa theluthi mbili ya kura, lakini mpigakura aliyeambiwa amchague mgombea mmoja akaletewa mwingine hajaelezwa hadi leo amwajibishe nani.