Nani Ataumia Ukimzuia?

Asanteni. Walioko nyuma, naomba msogee mbele kidogo, maana sina sauti ya kushindana na feni hii.

Nimeombwa niseme jinsi ya kuwasaidia wafanyabiashara waingize pesa kutokana na miliki ubunifu yao, yaani hataza, alama za biashara na hakimiliki. Wengi wenu ni washauri wa biashara, mawakili wamo wachache, na naona pia wavumbuzi wawili watatu ambao nadhani wamekuja kuhakikisha kwamba hatuwasengenyi. Karibuni nyote.

Tuanze na kosa ambalo mimi mwenyewe nililifanya kwa miaka. Mteja alikuwa akija, namuuliza: umeshasajili? Akisema bado, namsukuma akasajili. Akisema tayari, nampongeza. Halafu sote wawili tunakaa kusubiri pesa, kama watu waliotega mtego mahali ambapo hapapiti mnyama.

Hataza si kibali cha kuuza. Hataza ni haki ya kumzuia mwingine asitengeneze, asitumie wala asiuze kile ulichovumbua, katika nchi iliyokupa hataza hiyo tu, na kwa kawaida kwa miaka 20 tangu siku ulipowasilisha ombi. Alama ya biashara humzuia mwingine asijipachike jina lako. Hakimiliki humzuia asinakili kazi yako. Ukizitazama vizuri, zote ni haki za kuzuia. Kwa hiyo siku hizi mtu akinifungulia faili lake, swali langu la kwanza ni hili: nani ataumia ukimzuia? Nataka jina la kampuni, au angalau aina ya kampuni. Aumie vipi? Atalazimika kubadilisha mashine? Atachelewa mwaka mzima? Bidhaa yake itakuwa ghali zaidi? Huyo anayeumia ndiye mnunuzi, na ukubwa wa maumivu yake ndio mwanzo wa bei. Kama hakuna wa kuumia, hati hiyo ni pambo la ukutani, tena pambo linalodaiwa ada kila baada ya muda ili lisifutwe.

Lakini kabla ya kumzuia mtu, hakikisha wewe ndiye mwenye haki ya kumzuia.

Kampuni moja ndogo ya programu ilinijia ikiwa na mnunuzi mkononi kabisa. Walileta faili nene, cheti cha alama ya biashara kimo ndani ya plastiki, safi. Nikauliza programu yenyewe iliandikwa na nani. Wakasema kuna kijana alikuwa akiwafanyia kazi kwa vipindi, ameshaondoka. Mkataba wake? Wakatazamana. Kilichopatikana ni ujumbe wa simu: "Kazi imeisha, naomba mnimalizie hela," na risiti kwamba walimmalizia. Basi.

Katika nchi nyingi, kazi ya mwajiriwa aliyoifanya katika ajira yake huwa ya mwajiri. Mtu wa kujitegemea ni habari nyingine: mara nyingi hakimiliki hubaki kwake mpaka aihamishe kwa maandishi. Kwa kawaida kumlipa peke yake hakuhamishi kitu. Tulimtafuta yule kijana, tukampata, akawa muungwana, akatia saini. Ila kwa kuwa alishasikia kuna mnunuzi anasubiri, walimlipa mara ya pili, na safari hii bei aliitaja yeye.

Kwa hiyo andikeni orodha ya kila aliyegusa kazi: mwanafunzi wa mafunzo, mchoraji wa nembo, mshirika aliyejitoa mwaka wa kwanza. Kila mmoja awe na karatasi yake. Inachosha, najua.

Jambo la pili nalipitia haraka. Ukishaonyesha uvumbuzi hadharani kabla ya kuwasilisha ombi la hataza, sehemu nyingi upya wake umekwisha, na hataza hupati. Marekani humpa mvumbuzi mwenyewe muhula wa mwaka mmoja. Ulaya haina huruma hiyo. Ukiwasilisha ombi la kwanza, Mkataba wa Paris wa 1883 unakupa miezi 12 ya kuomba katika nchi nyingine kwa kuhesabiwa tarehe ile ile ya kwanza. Kwa alama za biashara na maumbo ya bidhaa ni miezi 6. Miezi hiyo ndiyo ya kumtafuta yule atakayeumia. Msiitumie kusherehekea.

Sasa niwape kisa ninachokipenda. Chester Carlson alifanya kazi katika idara ya hataza ya kampuni moja New York, na alichoshwa na kunakili nyaraka. Tarehe 22 Oktoba 1938 yeye na msaidizi wake walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa, wakalisugua kwa leso ili lipate chaji ya umeme, wakaweka juu yake kioo chenye maandishi "10-22-38 ASTORIA", yaani tarehe na mtaa wa New York walimokuwa, wakamulika taa, wakanyunyiza unga laini, wakapuliza. Unga ukabaki pale penye herufi. Hiyo ndiyo nakala ya kwanza duniani ya fotokopi ya unga, aina tunayoitumia leo.

Hataza ya msingi ilitolewa 1942. Na huyu alikuwa mtu wa hataza, si mbumbumbu wa karatasi! Hata hivyo alibisha hodi kwenye kampuni zaidi ya 20, IBM na General Electric zikiwamo, zote zikamkatalia. Kwa nini? Nadhani jibu ni kwamba hapakuwa na aliyekuwa akiumia. Ofisi zilikuwa na karatasi ya kaboni, na kaboni ni rahisi. Alichokuwa akiwaonyesha kilikuwa unga juu ya bamba, kitu ambacho mkurugenzi wa kampuni hawezi kukiona kama mashine. Mwaka 1944 taasisi ya utafiti ya Battelle ndiyo iliyokubali kukiendeleza, na baadaye kampuni ndogo ya karatasi za picha, Haloid, ikachukua leseni, yaani ruhusa ya kuutumia uvumbuzi kwa malipo. Haloid ilihitaji kitu kipya cha kuuza. Hapo pana mwenye maumivu!

Mashine ya Haloid iliyotikisa soko, Xerox 914, ilitangazwa 1959. Piga hesabu. Wakati huo hataza ya Marekani ilidumu miaka 17 tangu kutolewa. Ya 1942 ilikwisha 1959. Mwaka ule ule! Kama wangetegemea hataza ile moja, wangefika sokoni mikono mitupu. Kilichowaokoa ni hataza za maboresho walizokuwa wakiziwasilisha njiani, kwa ajili ya tabaka la selenia na wino wa unga na mengineyo. Mteja akikwambia ana hataza moja na inatosha, mweleze habari za Carlson.

Haya, tuje kwenye leseni, ambako ndiko pesa hupatikana na ndiko hupotelea.

Niliwahi kumshauri fundi mmoja mwenye vali nzuri ya pampu. Kampuni kubwa ikataka leseni ya pekee, yaani fundi asimpe mwingine yeyote, kwa mrabaha, yaani malipo yanayotokana na mauzo, wa asilimia 5. Nilifurahia ile 5, nikapigania ifike 6, ikafika, tukapongezana. Kampuni ile haikutengeneza vali hata moja. Ilikuwa na vali yake ya zamani inayouzika, na ilichotaka ni hii mpya isimfikie mshindani. Asilimia 6 ya sifuri ni sifuri, nami ndiye niliyesahau kuandika kiwango cha chini cha malipo ya kila mwaka, na kifungu cha kurudisha haki kama hawajaanza kuuza ndani ya muda fulani. Fundi yule hakunilaumu, jambo ambalo liliniuma zaidi. Swali langu lilikuwa nusu, unaona? Kuna anayenunua ili atumie, na kuna anayenunua ili afungie kabatini. Wote wawili wangeumia ukiwazuia. Huyu wa pili mtoze kwa kulifungia kabati, au usimpe leseni ya pekee.

Tazameni pia asilimia ni ya nini. Mkataba husema "mauzo halisi". Bidhaa imeuzwa 100. Toa usafiri, toa kodi, toa bidhaa zilizorudishwa, toa punguzo la msambazaji, toa "gharama nyinginezo". Imebaki 60. Asilimia 5 ya 60 ni 3. Mteja wako alidhani ni 5. Mimi huchukua kalamu na kukata "gharama nyinginezo" kabla hata sijaketi vizuri.

Na mwisho wa mkataba uandikwe. Bwana mmoja Marekani, Kimble, aliiuzia kampuni ya Marvel hataza ya glavu ya kuchezea inayorusha uzi wa povu, kwa malipo ya mkupuo na mrabaha wa asilimia 3 usio na tarehe ya kukoma. Hataza ikaisha 2010. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema mrabaha wa hataza hauendelei baada ya hataza kufa, kwa kufuata uamuzi wao wa 1964. Waliotia saini hawakuujua uamuzi huo. Mahakama yenyewe ilitaja njia za halali: mrabaha ufuate hataza itakayokufa mwisho kati ya nyingi, au ufungwe kwenye haki nyingine kama siri ya biashara.

Nakuona umeinua mkono tangu mwanzo, dada. Ndiyo? Anauliza: vipi kuhusu kupata mtaalamu akuthaminie hataza, akupe bei?

Ifanyeni, lakini msiiabudu. Kodak ilipofilisika 2012 ilikuwa na hataza kama 1,100 za picha za kidijitali. Washauri walizikadiria zaidi ya dola bilioni 2. Ziliuzwa kwa takribani dola milioni 525. Hataza zilikuwa zile zile. Wanunuzi walijiunga pamoja, wakijua muuzaji ana dhiki. Kumbe maumivu yalikuwa upande wa muuzaji, na mezani kila mtu aliyaona.

Tuna dakika 20. Wenye hataza, fungueni ukurasa wa madai, yaani sehemu inayotaja hasa kinacholindwa, si muhtasari, madai yenyewe, dai la kwanza. Asiye nayo akae na jirani. Soma sentensi moja moja, na pembeni andika kwa penseli jina la mtu anayefanya kile kinachozuiwa hapo. Nitapita kwenu mezani.