Ndoo Mbili Jikoni: Mhadhara Kuhusu Taka za Nyumbani

Ndugu zangu, mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie taka za nyumbani, nami nitaanzia zinapoanzia zenyewe: jikoni, kwenye lile pipa tunalolifunika upesi kwa sababu ya harufu.

Tulifunue. Juu kuna maganda ya matunda na majani ya chai yaliyolowa. Chini ya maganda kuna gazeti, limenyonya ule unyevu na limeshaanza kuchanika lenyewe. Kuna kopo lenye mabaki ya mchuzi, chupa ya plastiki, kipande cha boksi chenye madoa ya mafuta, na chini kabisa betri ya rimoti. Jana jioni gazeti lile lilikuwa malighafi ambayo kiwanda cha karatasi kingeipokea. Maganda yalikuwa mbolea inayosubiri muda wake. Kopo lilikuwa chuma safi cha kuyeyushwa. Asubuhi hii vyote ni uchafu, na hakuna sumu iliyomiminwa humo usiku. Vimegusana tu. Hilo ndilo ninalotaka kulisema leo, na mengine yote yanalitegemea: sehemu kubwa ya taka inageuka taka pale inapochanganywa, na tunaoichanganya ni sisi wenyewe, nyumbani, kabla gari halijafika.

Benki ya Dunia, katika ripoti yake ya mwaka 2018, ilikadiria kwamba dunia inazalisha tani bilioni 2.01 za taka za majumbani na mijini kwa mwaka, na kwamba tukiendelea hivi zitafika tani bilioni 3.4 ifikapo 2050. Kwa wastani ni kilo 0.74 kwa kila mtu kwa siku. Lakini takwimu ninayoomba muishike zaidi ni hii: asilimia 44 ya taka hizo ni mabaki ya chakula na mimea, na katika nchi za kipato cha chini yanazidi nusu. Kwa hiyo tunapowaza plastiki peke yake, tunaacha fungu kubwa kuliko yote likituozea miguuni.

Fungu hilo lina madhara mawili. La kwanza mmeshaliona ndani ya pipa: linalowesha na kuchafua kila kilicho kikavu. La pili hutokea dampo. Mabaki ya chakula yakifukiwa chini ya marundo ya taka hukosa hewa, na vijidudu vinavyoishi bila hewa huyaozesha vikitoa gesi ya methani. Methani, ikipimwa kwa kipindi cha miaka 20, hunasa joto katika anga zaidi ya mara 80 kuliko kiasi kilekile cha kabonidioksaidi. Maganda hayohayo yakioza penye hewa hutoa methani kidogo mno, na kinachobaki ni kitu cha kutia shambani.

Basi ushauri wangu wa kwanza ni ndoo mbili. Moja yenye kifuniko, ya vitu vibichi vinavyooza. Nyingine ya vitu vikavu, hata ikiwa ni boksi tu. Mtagundua jambo moja mapema: ndoo ya vikavu hainuki. Inaweza kukaa wiki kadhaa bila kuvuta nzi, kwa kuwa ndani yake hakuna kinachooza. Ile ya vibichi ni ndogo, na ndiyo peke yake inayohitaji kumwagwa mara kwa mara. Watu wengi huniambia kutenganisha taka kunaongeza kazi. Kazi ipo siku za mwanzo, mkono ukiwa haujazoea. Baada ya hapo inapungua, maana pipa zito linalovuja halipo tena.

Vibichi tuvipeleke wapi? Kwenye mboji. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi wamejaribu wakaishia kupata uvundo, wakaacha, na sababu ya uvundo huwa ni ileile.

Vijidudu vinavyotengeneza mboji vinahitaji kaboni, naitrojeni, maji na hewa. Naitrojeni inapatikana kwenye vitu vibichi: maganda, mabaki ya mboga, majani mabichi, majani ya chai. Kaboni iko kwenye vikavu: majani yaliyokauka, nyasi kavu, vumbi la mbao ambazo hazijapakwa dawa wala rangi, boksi la kahawia lililochanwa vipande. Kosa linalowakuta wengi ni kurundika vibichi vitupu. Rundo linashikana, hewa inakata, na tunarudi kwenye hali ya dampo, safari hii nyuma ya nyumba. Kila ukimwaga ndoo moja ya vibichi, funika kwa mbili au tatu za vikavu. Usipime kwa mizani, pima kwa macho.

Kisha tumieni mkono na pua. Chota konzi kutoka katikati ya rundo uiminye. Ikitoa tone moja au mawili, kama sifongo iliyokamuliwa, unyevu unatosha. Maji yakichuruzika, ongeza vikavu. Ikibaki vumbi mkononi, nyunyiza maji. Harufu ya mayai viza inakuambia hewa imekosekana, basi geuza rundo kwa uma au koleo. Harufu kali ya amonia, ile inayochoma puani, inakuambia vibichi vimezidi. Nzi wakijaa, ujue kuna chakula kilichoachwa wazi juu: kifukie na ukifunike. Rundo kubwa, la kama mita moja kila upande, hupata joto la nyuzi 55 na kuendelea katikati yake, na joto hilo likidumu huua mbegu za magugu na vijidudu vingi vya maradhi. Rundo dogo halifiki huko. Litaoza vilevile, ila taratibu, na miezi itapita. Siku ukichota ukaona kitu cheusi, chepesi, kinachomomonyoka na kunukia udongo, wala hutambui tena lipi lilikuwa ganda na lipi lilikuwa jani, mboji imeiva.

Nyama, samaki, maziwa na mafuta msivitie kwenye rundo la nyumbani, vinaita panya. Kinyesi cha mbwa na paka pia hapana, kina vimelea ambavyo rundo dogo haliviui. Anayeishi ghorofani bila uwanja anaweza kutumia ndoo iliyotobolewa matundu pembeni na chini, ikikalishwa juu ya sinia, kwa kanuni hizohizo. Au amtafute jirani mwenye bustani. Wakulima wa bustani hawakatai vibichi vilivyotenganishwa vizuri. Wanakataa vilivyochanganywa na mifuko ya plastiki.

Hata hivyo, mboji isitufariji kupita kiasi. Chakula kilichopaswa kuliwa kikiishia kwenye mboji bado ni hasara. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilikadiria kwamba mwaka 2022 dunia ilitupa tani bilioni 1.05 za chakula, na asilimia 60 ya hizo zilitoka majumbani. Majumbani, ndugu zangu, kuliko mahotelini na madukani. Fungua kabati kabla ya kwenda kununua. Kilichotangulia kuingia kikae mbele, kipya kikae nyuma. Na someni tarehe kwenye pakiti kwa makini, kwa sababu ziko za aina mbili: ipo inayosema ubora ni mzuri hadi siku fulani, na ipo inayosema usitumie baada ya siku fulani. Ya kwanza inahusu ladha na ugumu wa biskuti. Ya pili inahusu usalama wako, na hiyo iheshimuni.

Sasa ndoo ya vikavu.

Metali ndiyo rahisi kuliko zote. Kuyeyusha kopo la alumini ili litengenezwe jingine kunaokoa takriban asilimia 95 ya nishati inayohitajika kutoa alumini mpya kwenye madini yake. Suuza, kausha, weka. Chupa za kioo zinayeyushwa tena na tena bila kupoteza ubora, lakini glasi za kunywea, vioo vya kujitazamia na vyombo vya kioo visivyopasuka kwa moto visiwekwe pamoja nazo, kwa sababu vimetengenezwa kwa mchanganyiko tofauti na huharibu chupa mpya. Karatasi ina umri: nyuzi zake hufupika kila inaporejelezwa, yaani inapotengenezwa upya kiwandani, na huhimili kama mara tano hadi saba. Adui yake ni mafuta. Kiwandani karatasi huvurugwa kwenye maji iwe uji, na mafuta hayakubaliani na maji. Boksi lenye madoa machache, kata upande wenye madoa uupeleke kwenye mboji, upande safi ubaki. Vikombe vya karatasi vya kutumia mara moja vina utando wa plastiki kwa ndani, na viwanda vingi vya karatasi haviwezi kuutenganisha.

Plastiki inahitaji ukweli zaidi ya matumaini. Mmeona ile alama ya pembetatu ya mishale. Ilibuniwa mwaka 1970 na mwanafunzi wa Marekani, Gary Anderson, katika shindano la kutafuta alama ya karatasi iliyorejelezwa. Mwaka 1988 wenye viwanda vya plastiki wakaanza kutumia mishale kama hiyo wakiwa wametia namba katikati. Namba hiyo inataja aina ya plastiki, basi. Haiahidi kwamba chombo hicho kitarejelezwa. Namba 1 ni ya chupa za maji na vinywaji, namba 2 ya madumu na chupa nyingi za sabuni, na hizi mbili ndizo zenye wanunuzi wa uhakika karibu kila mahali. Namba 5, ya vyombo vya kuhifadhia chakula, hupokelewa baadhi ya sehemu. Namba 3, 6 na 7 mara nyingi hazina pa kwenda. Na haziyeyushwi pamoja. Kiasi kidogo cha namba 3 kikiingia kwenye shehena ya namba 1 huiharibu, kwa sababu kwenye joto la kuyeyushia hutoa asidi. Kwa hiyo yule anayetia kila plastiki kwenye pipa la urejelezaji akiamini huko mbele watajua la kufanya, anahatarisha hata ile iliyokuwa nzima.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulihesabu taka zote za plastiki ambazo dunia ilikuwa imezalisha hadi 2015: asilimia 9 zilirejelezwa, asilimia 12 zilichomwa, na asilimia 79 zimo madampo au zimezagaa katika mazingira. Kwa plastiki, basi, kupunguza kunakuja kwanza kabisa. Chukua mfuko ulio nao nyumbani, hata kama ni wa plastiki ngumu, uutumie hadi uchanike. Usikimbilie kununua wa pamba ili uonekane unajali: pamba inalimwa kwa maji mengi, na mfuko wake unalipa gharama hiyo ukitumika miaka. Nunua sabuni ya mche inapowezekana. Jaza tena chupa uliyo nayo. Kitu kikivunjika, uliza kwanza fundi.

Nasema hili kwa uzito: msichome taka uani. Najua mahali pengi gari haliji, na watu wanachoka kuishi na rundo. Lakini moto wa uani una joto dogo na hewa haba. Plastiki, hasa ile ya namba 3, ikichomwa hivyo hutoa dioksini, sumu zinazotua juu ya mimea, zikaingia kwa mifugo, zikakaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka mingi. Anayevuta moshi ule wa kwanza ni mtoto anayecheza hapo karibu. Ukishatoa vibichi kwenda kwenye mboji, na metali, chupa na karatasi kwa wanaonunua, kinachobaki ni kidogo kiasi kwamba unaweza kukihifadhi kwenye gunia kavu hadi upate njia ya kukisafirisha.

Betri na vifaa vya umeme vikae mbali na ndoo zote mbili. Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu rasmi ni asilimia 22.3 tu. Betri za lithiamu, zile za simu, zikibanwa ndani ya gari la taka hulipuka na kuwasha moto. Zibandike utepe kwenye ncha zake, ziweke kwenye chombo kikavu, na ziende kwa wauzaji au mafundi wanaozipokea. Simu mbovu isitupwe. Ndani yake mna dhahabu na shaba, pamoja na sumu.

Nimalizie na watu. Kila tunachokitoa mlangoni kitashikwa na mtu: mzoa taka, au mwokota chupa anayefungua mifuko yetu mmoja mmoja kutafuta riziki. Huyu anafanya kazi ya urejelezaji ambayo sisi tumeikwepa, mara nyingi bila glavu. Ndoo ya vikavu iliyotenganishwa ni hisani kwake, anachukua anachotaka bila kuzamisha mkono kwenye uozo. Kioo kilichovunjika kifunge kwenye magazeti tabaka kadhaa, kisha boksi, kisha uzungushe utepe wa gundi. Wembe vivyo hivyo. Wanaojidunga sindano nyumbani, kwa mfano wagonjwa wa kisukari, waziweke kwenye chupa ngumu ya sabuni yenye kifuniko cha kuzungusha. Ikifika robo tatu ifungwe, iandikwe "sindano" kwa herufi kubwa, ipelekwe kwenye kituo cha afya kinachozipokea. Na mzoa taka akija, usimwachie mfuko getini ukaingia ndani. Mwambie kifurushi chenye vioo ni kipi.