Soma nyuma ya chupa: esensi ya Kikorea kwa ngozi nyeti yenye chunusi

(Mhadhara kwa wanafunzi wa chuo, Dodoma)

Mama mlezi, shikamoo. Wadogo zangu, habari za jioni. Mliosimama mlangoni sogeeni, viti vya mbele huku bado vipo.

Mimi ni mfamasia. Nimekaa kwenye duka la dawa hapa Dodoma muda wa kutosha kuona maswali ya wateja yakibadilika. Zamani dada mwenye chunusi akiingia aliuliza, "Una krimu gani inayotoa madoa haraka?" Siku hizi anafungua simu, ananionyesha chupa yenye maandishi ya Kikorea, ananiambia, "Dada, nataka esensi kama hii, ya kutuliza ngozi." Neno hilo, kutuliza, linanifurahisha. Mtu anayetaka kuutuliza uso wake tayari ameacha kuupiga vita. Shida ni kwamba chupa zinazojiita za kutuliza ni nyingi, na baadhi yake zitakuchonyota usiku huohuo.

Esensi ni kimiminika chepesi, kizito kidogo kuliko maji, chenye vitu vinavyovuta na kushika unyevu pamoja na dondoo za mimea. Wakorea huipaka baada ya kunawa uso na kupaka tona, yaani maji mepesi ya kuandaa ngozi, kabla ya seramu, ambayo ni nzito zaidi, na krimu. Mipaka ya majina hayo imefifia; kampuni moja huita esensi kile ambacho nyingine huita ampuli. Msipoteze muda kubishania jina.

Lililo muhimu zaidi ni hili: esensi haitibu chunusi. Chunusi huanza pale mafuta ya ngozi na seli zilizokufa vinapoziba kinyweleo, bakteria wakazaliana humo ndani, ngozi ikavimba. Homoni zina mkono wake, ndiyo maana wengi wenu mnaota vipele karibu na siku zenu. Dawa zipo, kama benzoili peroksaidi na adapaleni, na zimefanyiwa utafiti wa miaka mingi. Lakini dawa hizo hukausha na kuchoma, hasa wiki za mwanzo, na hapo ndipo watu wanapokata tamaa. Esensi nzuri hufanya uso uweze kuvumilia dawa. Hiyo ndiyo kazi yake, na kwangu mimi ni kazi kubwa.

Mliokulia vijiji vya huku mnaijua nyumba ya tembe. Paa lake ni magogo na fito, juu yake udongo uliokandikwa. Udongo ukipasuka, mvua ya kwanza tu inashuka hadi kitandani. Sehemu ya juu kabisa ya ngozi yetu inafanana na paa lile: seli zimepangwa, na katikati yake kuna mafuta maalumu yanayoziba nyufa. Mafuta hayo yakiondolewa, maji ya ndani yanatoka na vichokozi vya nje vinaingia. Uso unawasha, unapauka, na papo hapo unatoa vipele. Mnashangaa mtu ana uso mkavu na bado ana chunusi? Paa limepasuka. Na mwenye paa lililopasuka hapandi juu kulisugua kwa skrabu.

Nani anatupasulia paa hapa Dodoma? Wa kwanza ni hewa. Mvua yetu huanza Desemba na kukatika Aprili. Baada ya hapo ni upepo, vumbi na ukavu hadi mwisho wa mwaka. Wa pili ni sabuni. Ngozi ya uso ni chachu kidogo, pH yake, yaani kipimo cha uchachu, ni kama 5, na sabuni ya mche iko kwenye 9 au 10, mbali upande wa magadi. Wa tatu ni maji. Mji huu kwa sehemu kubwa unakunywa maji ya visima, mnajua wenyewe sabuni inavyogoma kutoa povu. Yale madini yakikutana na sabuni hutengeneza utando mweupe. Mnauona kwenye beseni. Usoni upo pia, ila hauonekani. Kwa hiyo anayenawa kwa sabuni ya mche na maji ya kisima mara tatu kwa siku, halafu akanunua esensi ya gharama, anamwaga maji kwenye gunia. Abadilishe kwanza cha kunawia: kiwe laini, kisicho na harufu, asubuhi na jioni basi.

Wa nne ni mkorogo, na hapa naomba mniwie radhi nikizungumza kwa uchungu. Nilipokuwa na umri wenu niliuziwa krimu ya kopo lisilo na lebo, dukani, na mtu niliyemwamini. Wiki ya kwanza uso ulikuwa laini kama wa mtoto. Nilisifiwa bwenini. Nilipoishiwa hela ya kopo la pili, mashavu yote yaliwaka moto, vipele vikatoka sehemu ambazo sikuwahi kuwa na vipele. Ile ilikuwa steroidi. Inazima uvimbe haraka, na ukiiacha ghafla uvimbe unarudi na ndugu zake wote. Steroidi, haidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini mwetu, na tangu 2019 msimamizi wa vipodozi ni Shirika la Viwango, TBS. Hata hivyo makopo yapo. Sasa nimeona wachanganyaji wanamimina na esensi ya Kikorea humohumo ili mkorogo uonekane wa kisasa. Ukiambiwa "hii ni ya Kikorea" na chupa haina lebo ya kiwandani, ondoka.

Sisi wenye ngozi nyeusi, chunusi ikipona huacha doa jeusi. Doa hilo ni rangi ya ziada ambayo ngozi huitengeneza pale ilipovimba. Uvimbe ukiwa mdogo, doa nalo huwa dogo. Ndiyo maana kutuliza mapema kuna faida kuliko kukimbizana na madoa baadaye. Na doa lililopo, jua likilipiga kila siku linakolea. Chukueni mafuta ya kukinga jua yenye SPF, yaani kipimo cha nguvu ya kukinga, ya 30 au zaidi. Pale hospitali ya KCMC, Moshi, wanatengeneza ya kwao, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, kwa hiyo asiwadanganye mtu kwamba ni anasa ya Wazungu.

Tuje kwenye chupa. Mbele ya chupa ni mahali pa kuuzia. Utakuta imeandikwa kwa herufi kubwa asilimia 77 ya mmea fulani, au asilimia 96 ya ute wa konokono. Namba hizo hazidanganyi, lakini zinaeleweka vibaya. Asilimia 77 ni ya dondoo, yaani maji yaliyolowekewa mmea. Ukichemsha majani machache kwenye sufuria ya lita tano, utapata lita tano za "dondoo", na majani ni yaleyale machache. Namba kubwa peke yake isikupeleke dukani.

Geuzeni chupa. Viambato hupangwa kuanzia kilicho kingi kwenda kilicho kidogo, mpaka vile vilivyo chini ya asilimia moja, ambavyo kampuni inaruhusiwa kuvipanga itakavyo. Mimi huanza kwa kutafuta maadui. Neno Parfum au Fragrance ni manukato, na kwa ngozi nyeti ndiyo sababu kubwa ya mzio. Limonene, Linalool, Geraniol, Citronellol ni harufu zinazotoka kwenye mafuta ya mimea. Kutoka kwenye ua hakuzifanyi ziwe pole. Alcohol Denat. ikiwa miongoni mwa viambato vitano vya mwanzo, irudishe rafuni, ni spiriti, itakausha. Ila Cetyl Alcohol na Cetearyl Alcohol msizihukumu kwa jina: hizo ni za jamii ya mafuta, zinalainisha.

Maadui wakikosekana, ndipo natafuta marafiki. Wa kwanza ni Centella asiatica, mmea mdogo unaotambaa kwenye udongo wenye majimaji. Wakorea wanausifu sana, lakini sehemu kubwa ya unaotumika duniani inatoka Madagaska, jirani zetu hapa ng'ambo ya bahari. Kinachotuliza ndani yake kina majina: Madecassoside na Asiaticoside. Nikiyaona majina hayo yameandikwa yenyewe kwenye orodha, moyo wangu unatulia zaidi kuliko nikiona picha ya jani mbele ya chupa. Rafiki wa pili ni Panthenol, ambayo ngozini hugeuka vitamini B5; hushika maji na kusaidia ngozi iliyobabuka ijifunge. Ningepewa chupa yenye viwili hivi tu, gliserini na kitu cha kuzuia isiharibike, ningemaliza ununuzi hapo. Kwa ngozi inayolalamika, orodha fupi ni baraka: ikikukataa, unajua wa kumshuku.

Wengine nitawapitia haraka. Houttuynia cordata, ambayo Waingereza huiita heartleaf, ni nyepesi na inawafaa wenye uso wa mafuta. Artemisia, yaani pakanga, hutuliza wengi, lakini mwenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti aingie kwa tahadhari. Ute wa konokono unavutika kama mlenda. Unalainisha, sina ugomvi nao. Propolisi ni ile gundi ya nyuki ambayo warina asali wa Singida na Manyoni wanaifahamu. Inasifiwa kwa chunusi, lakini pia ni miongoni mwa vitu vinavyojulikana kuleta mzio, hivyo asianze nayo mtu mwenye ngozi nyeti. Niacinamide husaidia mafuta na madoa. Asilimia mbili hadi tano zinatosha, na wanaokimbilia kumi ndio wanaonirudia uso ukiwaka.

Kuna kosa moja la kutumia ambalo kwa hali ya hewa yetu ni kubwa. Esensi nyingi zina Hyaluronic Acid au gliserini, vitu vinavyovuta maji. Seoul wakati wa kiangazi chao hewa imejaa unyevu. Hapa mwezi wa Agosti hewa haina cha kukupa. Ukipaka esensi kwenye uso mkavu ukaishia hapo, maji yanapaa, na baada ya nusu saa uso unakaza kuliko mwanzo. Nawa, jifute kwa kupapasa, uso ukiwa bado mbichi weka matone machache kiganjani, bonyeza taratibu mashavuni na kwenye paji, halafu funga na krimu au losheni isiyo nzito. Krimu ndiyo udongo wa paa. Ukitumia mililita moja asubuhi na moja jioni, chupa ya mililita 100 itakupeleka siku hamsini. Ikikuishia wiki mbili, unajimwagia.

Kabla ya uso, jaribu. Paka kiasi kidogo ndani ya mkono karibu na kiwiko, palepale, mara mbili kwa siku, siku saba. Najua siku saba ni ndefu mtu akiwa na chupa mpya mkononi. Lakini mzio mwingine haujitokezi siku ya kwanza. Ngozi huchukua siku kadhaa kuamua. Na usianze esensi mpya wiki ileile unayoanza dawa mpya ya chunusi. Uso ukiwaka hutajua nani amewasha.

Kuhusu tarehe, wengi wanachanganyikiwa. Wakorea huanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Ukiona 제조, linasomwa jejo, hiyo ni tarehe ya kutengenezwa. Ukiona 까지, kkaji, maana yake "hadi", hiyo ndiyo mwisho wa matumizi. Nimeletewa chupa ambayo dada alidhani imeharibika, kumbe alikuwa anasoma siku ya kuzaliwa kwa chupa yenyewe. Ule mchoro mdogo wa kopo lililofunguliwa wenye 12M ni miezi kumi na miwili tangu ulipoifungua. Na isikae dirishani wala kwenye gari lililoegeshwa juani. Joto la mchana wa Oktoba hapa linaiharibu mapema.

Vipele vinavyowasha sana, vidogo, vyote vya saizi moja, vimejaa kwenye paji la uso, vinaweza kuwa vya fangasi. Na vivimbe vikubwa vyenye maumivu ndani vinaacha makovu. Hapo achana na mimi na esensi zangu, nenda kwa daktari wa ngozi kwenye hospitali ya rufaa, mapema.

Maswali. Ndiyo, kaka wa nyuma. Anauliza vipele vya ndevu. Vile kwa kawaida ni nywele zinazojipinda na kuingia ndani ya ngozi. Esensi isiyo na spiriti inafaa baada ya kunyoa, kuliko ile spiriti mnayopakwa saluni, lakini dawa yenyewe ni kutonyoa hadi kwenye shina: acha milimita moja.

Na wewe mdogo wangu hapa mbele, rudia wenzako wasikie. Anasema hela yake inatosha kitu kimoja tu. Asante kwa kusema, maana najua hauko peke yako. Ukiwa na hela ya kitu kimoja, usinunue esensi. Nunua cha kunawia kilicho laini, na nadhani chenji inaweza kukupa losheni ya gliserini isiyo na harufu. Kikifuata kitu cha pili, kiwe mafuta ya kukinga jua. Dawa ya chunusi njoo tuizungumze dukani, zipo za bei ya kuvumilika. Esensi iache mpaka bumu lijalo.