Kuchagua Draiva Sahihi ya Swichi na Kuisanidi kwa NAPALM Bila Kuukata Mtandao

Karibuni, watazamaji. Katika video hii tutasanidi swichi za mtandao kwa programu badala ya kuandika amri moja moja kwa mkono. Tutatumia NAPALM, ambayo ni maktaba huria ya Python inayomwezesha fundi kuziagiza swichi za kampuni mbalimbali kwa maneno yale yale. Uwezo huo unatokana na draiva. Kila mfumo endeshi wa swichi una draiva yake, na draiva hiyo ndiyo inayoligeuza ombi lako kuwa amri ambazo swichi husika inazielewa, kisha inayapokea majibu na kuyapanga katika umbo moja. Ukikosea draiva, hata ombi dogo kabisa litashindwa. Kwa sababu hiyo, hatua ya kwanza tutaifanya kabla hatujaandika mstari wowote wa Python.

Ingieni kwenye kila swichi kwa SSH (njia salama ya kuingia kwenye kifaa kupitia mtandao) au kwa kebo ya konsoli (inayochomekwa kwenye swichi yenyewe), mwandike show version, kisha msome kwa makini jina la mfumo endeshi na toleo lake. Tazameni kiooni: nimeweka swichi tatu, na zote zina nembo ya Cisco. Ya kwanza ni Catalyst 2960-X inayotumia IOS 15.2 (IOS ni mfumo endeshi wa Cisco), na draiva yake inaitwa ios; draiva hiyo hiyo inafaa pia kwa Catalyst 9200, ambayo hutumia IOS XE. Ya pili ni Nexus, ambayo hutumia NX-OS, na draiva yake ni nxos ikiwa tutapita kwenye NX-API, yaani mlango wa programu wa swichi hizo, au nxos_ssh ikiwa tutapita kwenye SSH. Ya tatu ni SG350. Hii inahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa amri zake zinafanana na za IOS kiasi cha kumfanya fundi aamini kwamba ni IOS, ilhali mfumo wake ni mwingine kabisa. Draiva ya ios ikielekezwa kwake huishia kwenye makosa, au hurudisha majibu yasiyo kamili. Kwa swichi hii kuna draiva iliyotengenezwa na jamii ya watumiaji, inayoitwa napalm-s350, nayo husakinishwa peke yake. Vinginevyo tumieni Netmiko, maktaba nyingine ya Python inayotuma amri kwa SSH, na mtaje aina ya kifaa kuwa cisco_s300.

Jambo hili haliihusu Cisco pekee. Swichi za HP zimewahi kuuzwa zikiwa na mifumo miwili tofauti, ProCurve na Comware, na Netmiko ina jina la kila mmoja: hp_procurve na hp_comware. Ikiwa mmerithi mtandao usio na kumbukumbu zozote, na swichi ni nyingi, Netmiko ina chombo kiitwacho SSHDetect ambacho huingia kwenye kifaa, hujaribu amri kadhaa, na kupendekeza aina inayoelekea kuwa sahihi. Mimi hulichukua pendekezo lake kama mwanzo wa uchunguzi, kisha nalithibitisha kwa macho yangu.

Baada ya mfumo endeshi, tazameni toleo. Draiva ya ios inataka angalau IOS 12.4(20)T, ile ya eos kwa swichi za Arista inataka EOS 4.15.0F, na ile ya junos kwa Juniper inataka Junos 12.1. Swichi iliyo chini ya viwango hivyo ipandisheni toleo kwanza, au muiache nje ya kazi hii hadi hapo itakapowezekana.

Hatua ya pili ni kuiandaa swichi yenyewe, kwa kuwa kila draiva ina mlango wake wa kuingilia. Juniper inahitaji NETCONF, itifaki ya kusanidi vifaa kwa programu, ambayo huwashwa kwa amri ya set system services netconf ssh na husikiliza kwenye poti ya 830. Arista inahitaji eAPI, mlango wa programu wa swichi zake. Ingieni kwenye management api http-commands, kisha mwandike no shutdown. Nexus inahitaji feature nxapi. Hakikisheni pia kwamba ukuta wa moto uliopo kati ya kompyuta yenu na swichi unaziruhusu poti hizo.

Catalyst ina maandalizi mengi zaidi, kwa hiyo tutakaa nayo kidogo. Wekeni ip domain-name, tengenezeni ufunguo kwa crypto key generate rsa modulus 2048, kisha muandike ip ssh version 2. Draiva huhamisha faili kwenda kwenye swichi kwa SCP (njia ya kunakili faili kupitia SSH), hivyo ongezeni ip scp server enable. Ikiwa sera ya usalama ya mahali penu hairuhusu SCP, mnaweza kuweka chaguo la inline_transfer kwenye skripti, ingawa uhamishaji utakuwa wa polepole. Mwisho, ingieni kwenye archive, muweke path flash:archive, na chini yake write-memory. Msiiruke sehemu hii ya archive, kwa maana ndiyo inayoiwezesha swichi kurudi kwenye usanidi wake wa awali mambo yakiharibika.

Kuna kikwazo kimoja ambacho mafundi wengi hukutana nacho hapa. Swichi ya zamani inaweza kukataa muunganisho ingawa jina na nenosiri ni sahihi kabisa, kwa sababu inajua njia za usimbaji ambazo kompyuta za sasa zimeziacha. OpenSSH iliacha kukubali diffie-hellman-group1-sha1 kwa chaguo-msingi mwaka 2015, na mwaka 2021 ikaziacha pia saini za ssh-rsa zinazotegemea SHA-1. Mkiona ujumbe unaosema kwamba pande mbili hazikupatana juu ya njia ya kubadilishana funguo, msihangaike na nenosiri. Pandisheni toleo la swichi na mtengeneze ufunguo mpya.

Sasa twende kwenye kompyuta. Tengenezeni mazingira tengefu kwa python3 -m venv, yawasheni, kisha msakinishe kwa pip install napalm. Netmiko itaingia pamoja nayo. Nenosiri msiliandike ndani ya skripti. Liombeni kwa getpass kila skripti inapoanza.

Kwenye skripti tunaita get_network_driver na kuipa neno ios, kisha tunaipa draiva anwani ya IP, jina la mtumiaji na nenosiri. Ikiwa swichi inahitaji nenosiri la pili la enable, liwekeni kwenye optional_args kwa jina la secret. Baada ya hapo tunafungua muunganisho kwa open na kuomba jambo moja tu, get_facts. Nawasihi siku ya kwanza muishie hapo. Ombi hili halibadilishi chochote. Linarudisha jina la mtengenezaji, modeli, toleo, namba ya kifaa na orodha ya violesura vyote. Mkiona modeli na toleo vinafanana na mlivyoandika katika hatua ya kwanza, basi draiva na swichi vinaelewana. Ihifadhini orodha ya violesura, maana majina katika faili ya usanidi ni lazima yaandikwe kama swichi inavyoyaandika yenyewe: GigabitEthernet1/0/48 kwa ukamilifu wake, si Gi1/0/48.

Tuandae badiliko lenyewe. Tunataka kuongeza VLAN ya 30 (VLAN ni mtandao uliotengwa ndani ya swichi) na kuipitisha kwenye poti ya tranki, yaani poti inayobeba VLAN kadhaa kwa pamoja, inayoelekea kwenye swichi kuu, ambayo tayari inapitisha VLAN za 10 na 20. Faili yetu ina mistari michache tu, nasi tunaipakia kwa load_merge_candidate, yaani kama nyongeza (merge) ya usanidi uliopo. Hadi sasa usanidi unaofanya kazi haujaguswa. Kinachofuata ni compare_config, inayolinganisha faili yetu na usanidi wa sasa, na hapa naomba tutulie.

Miaka kadhaa iliyopita nilipakia faili ya namna hii kwenye swichi ya mteja, nayo ilikuwa na mstari usemao switchport trunk allowed vlan 30. Nilitazama matokeo ya compare_config, nikaona mstari mmoja wenye alama ya kujumlisha mbele yake, nikaridhika, nikathibitisha. Ghorofa nzima ilipoteza mtandao, na mimi nilipoteza njia ya kuifikia swichi, kwa sababu kwenye IOS amri hiyo haiongezi VLAN kwenye orodha bali huifuta orodha ya zamani na kuweka mpya. VLAN ya 10, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiingilia, iliondoka. Ilibidi niende mwenyewe na kebo ya konsoli, na watu walisimamisha kazi zao kwa muda wote huo.

Kwa nini compare_config haikunionya? Kwa sababu draiva zinatofautiana katika jambo hili, na ni muhimu kulijua kabla ya kuziamini. Arista na Juniper huuandaa usanidi mpya pembeni kwa ukamilifu, kisha huulinganisha na wa sasa, kwa hiyo mtaona kilichoongezwa na kilichoondolewa. Draiva ya ios, tunapotumia merge, huonyesha tu amri zilizomo kwenye faili ambazo hazimo kwenye usanidi wa sasa. Kitakachofutwa kutokana na amri hizo hakionekani.

Kwa hiyo kwenye Catalyst andikeni orodha nzima kama itakavyoonekana mwishowe: switchport trunk allowed vlan 10,20,30. Neno add lingefanya kazi, lakini swichi hailihifadhi kwa umbo hilo, na compare_config ingeendelea kuonyesha mstari huo kuwa mpya kila mnapoiendesha skripti. VLAN yenyewe pia inaweza kuendelea kuonekana mpya ikiwa swichi iko katika hali ya VTP server (VTP ni itifaki ya Cisco ya kusambaza VLAN kati ya swichi), kwa kuwa katika hali hiyo VLAN za kawaida hukaa kwenye faili ya vlan.dat, nje ya usanidi unaosomwa na draiva. Ukiona kitu msichokielewa katika matokeo hayo, iteni discard_config, mfunge muunganisho, na mrudi kwenye faili.

Mkiridhika, thibitisheni kwa commit_config, na muweke revert_in yenye thamani ya 300. Hizo ni sekunde, yaani dakika tano. Muda huo ukipita bila ninyi kuthibitisha mara ya pili, swichi yenyewe itarejesha usanidi wa awali. Kuna pia amri ya rollback, ila hiyo inahitaji muwe bado mnaifikia swichi, na ajali ninayoihofia zaidi ni ile inayoukata muunganisho wenyewe.

Katika dakika hizo tano, fungueni dirisha jingine na muingie upya kwenye swichi, kwa maana muunganisho wa zamani peke yake si ushahidi wa kutosha. Pigeni ping kutoka VLAN ya 10, ya 20 na ya 30. Zote zikijibu, iteni confirm_commit.

Bado kuna jambo moja. Iteni get_config, ambayo hurudisha usanidi unaofanya kazi kwa jina la running na ule uliohifadhiwa kwa jina la startup, kisha mlinganishe mistari mliyoibadilisha katika pande zote mbili. Ikiwa haipo kwenye startup, andikeni write memory kwenye swichi, kwa kuwa umeme ukikatika swichi itaamka na usanidi ule wa zamani. Hifadhini nakala ya running kwenye kompyuta kwa jina la swichi na tarehe ya leo, fungeni muunganisho kwa close, kisha ndipo muiendee swichi inayofuata kwenye orodha, nayo muianze tena kwa show version.