Mpe Jembe: Dola na Anayebisha Hodi

Masalkheri wazee wangu, mama zangu, na nyinyi vijana mliojibanza nyuma karibu na birika la kahawa. Nimeambiwa nizungumze juu ya wakimbizi mpaka adhana ya Isha, na adhana haingoji mtu, basi nianze.

Kuna methali sote tumelelewa nayo: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengine mwasema ni ya nne. Hilo tutagombania wakati wa kahawa. Siku hizi kila nikiisikia inatajwa kumfukuza mtu: umekuja, umekula, sasa shika njia. Hebu itegeeni sikio tena. Waliotunga hawakusema ya tatu mpe nauli. Walisema mpe jembe. Na anayeamrishwa hapo ni mwenyeji, si mgeni. Kama mgeni amekaa miaka thelathini bila kulima, swali la kwanza ni jembe liko kwa nani.

Tuje nyumbani. Waliokuwa na akili timamu mwaka 1991 wanakumbuka majahazi. Dola ya Somalia imeanguka, na watu wa Barawa, Kismayu na visiwa vya Wabajuni wanaingia baharini na watoto na magodoro. Kambi zikafunguliwa pwani hii hii ya Kenya: Utange, Marafa, Benadir, Swaleh Nguru, Hatimy. Mimi nilikuwa mtoto. Nakumbuka tulivyokuwa tukiwacheka wenzetu Wabarawa waliosema chintu, sisi tukisema kitu, na bibi yangu akatukemea: mnamcheka nani, hicho ni Kiswahili kilichokaa kaskazini tu. Alikuwa na haki. Wengi wao walikuwa na jamaa hapa tangu zamani, wakajishikiza kwa jamaa hao, wakashona, wakauza, wakafungua maduka. Kisha kabla muongo huo haujaisha kambi za pwani zikafungwa. Waliokubali kurudi walirudishwa, na wengi wa waliobaki wakapelekwa kambi ya Kakuma, Turkana. Mtu wa pwani, wa nazi na samaki, anawekwa kwenye vumbi la Turkana angoje mgao wa unga. Kazi aliyokuwa akiifanya hapa, kule hana wa kumfanyia.

Nawaomba pia mkumbuke Shimoni, kule kusini mwa pwani yetu. Januari 2001, baada ya polisi kuwapiga risasi waandamanaji kule Zanzibar, Wapemba zaidi ya 2,000 walivuka kwa mashua mpaka Shimoni. Tanzania, iliyozoea kupokea wakimbizi, safari hii ikawatoa. Na hapa nani hana jamaa Pemba? Watu walisimama ufukweni hawajui wamwite mtu mkimbizi au wamwite shemeji. Siku hizo hakuna aliyeniuliza kama sheria inaturuhusu kuwapa maji.

Sasa sheria, maana ndiyo kazi inayonilisha. Mkataba wa Geneva wa 1951, ambao Kenya iliuridhia 1966, una kifungu kimoja ambacho ndicho roho yake: cha 33. Mtu asirudishwe mahali ambapo maisha yake au uhuru wake utakuwa hatarini kwa sababu ya dini, kabila, taifa, siasa au kundi lake. Cha 31 kinasema asiadhibiwe kwa kuingia bila kibali, mradi ajitokeze bila kuchelewa na aeleze sababu. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa 1969 ulipanua mlango: hata anayekimbia vita, bila ya kutafutwa yeye kwa jina, ana haki ya kupokewa. Sisi Waafrika tulijua kwamba bomu haliulizi kitambulisho.

Lakini kitabu ninachokipenda zaidi ni Katiba yetu ya 2010. Siku moja isomeni na kalamu mkononi, mtie alama kila panapoandikwa “kila raia” na kila panapoandikwa “kila mtu”. Kupiga kura: kila raia. Kukaa popote nchini: kila raia. Sawa, siligombi. Heshima ya utu, kifungu cha 28: kila mtu. Afya, makazi, chakula, maji, cha 43: kila mtu. Kutendewa haki na ofisi za serikali, kwa haraka na kwa utaratibu, cha 47: kila mtu. Elimu ya msingi, cha 53: kila mtoto. Hayo hayakuandikwa kwa bahati mbaya. Waandishi walijua neno raia, na walipolitaka walilitumia.

Serikali zimejaribu kulikwepa hilo. Desemba 2014 Bunge lilipitisha sheria kwamba wakimbizi wote nchini wasizidi 150,000, ilhali waliokuwepo walishapita idadi hiyo mara kadhaa. Fikirieni afisa pale Liboi, mpakani, amefika 150,000, na mbele yake amesimama mama na mtoto mgongoni. Amwambie nini? Mahakama Kuu ilikifuta kifungu hicho Februari 2015. Ilikuwa imeshaifuta amri ya kuwahamishia kambini wakimbizi wa mijini, Julai 2013, na Februari 2017 ikaikataa ile ya kuifunga kambi ya Dadaab. Majaji wetu wamefanya kazi, Mungu awalipe. Ila hukumu humzuia askari asikusukume. Haikupi kazi.

Naona mzee pale anatikisa kichwa. Najua analotaka kusema: watoto wetu wenyewe wanakaa vijiweni, na kitambulisho mtoto wa Kisauni akikitaka anaulizwa cheti cha babu. Kweli. Sitaki kulipita. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kuja kufanya kazi za mashamba, walikaa nchini miongo mingi bila karatasi, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kwenda Nairobi kumwona Rais. Ofisi iliyozoea kumwambia mgeni “njoo kesho” ndiyo inayomwambia hivyo mwenyeji. Hatugombanii kipande kimoja cha mkate, mzee wangu. Tunapanga foleni kwenye dirisha moja lililofungwa.

Nina fundi wangu wa nguo, Mkongo wa Bukavu. Akisema bintu wateja wanacheka, nami namkumbuka bibi yangu. Karatasi yake ya muomba hifadhi anaiweka ndani ya mfuko wa mkate, imekunjwa mara nne, na pale mikunjo inapokutana muhuri umetoboka. Tarehe haisomeki. Kila askari akimsimamisha anasoma tarehe anayoitaka yeye. Usaili wake, wa kuamua kama ni mkimbizi, umeahirishwa mpaka nimeshapoteza hesabu. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inatambua kwamba mkimbizi anaweza kufanya kazi na biashara. Lakini yeye bado ni muomba hifadhi, na kibali cha kazi kinataka makaratasi ambayo yanangoja usaili, na usaili unangoja afisa. Kwa hiyo leseni ya duka iko kwa jina la mtu mwingine, cherehani nayo hivyo hivyo, na yeye kwenye vitabu hayupo. Anapunjwa, na serikali haipati kodi yake.

Uganda, ambayo si tajiri kutushinda, humpa mkimbizi ruhusa ya kufanya kazi na kutembea, na vijijini humpa kipande cha ardhi. Ina shida zake, ardhi inapungua na misaada inakatwa. Lakini jembe imelitoa. Sisi mwaka 2025 tumezindua Mpango wa Shirika, wa kuzigeuza kambi ziwe makazi ambamo mgeni na mwenyeji watatumia shule na hospitali moja. Nauunga mkono. Nitauunga mkono zaidi siku nitakapoona maafisa wa kusikiliza maombi wameongezwa, maana mpango bila afisa dirishani ni bango tu.

Ndiyo, mama, nimekusikia. Unauliza koti hili nimeshonewa na nani?

Na yeye huyo. Risiti ninayo mfukoni, ina jina la mwenye duka.