Tufe Jepesi na Hesabu za Haraka: Mhadhara kuhusu Michael Carter

Walimu wa michezo, wazazi, na nanyi vijana mliofika: walionisikia siku za nyuma wanajua nitakapoanzia, na nawaomba wanivumilie, kwa kuwa swali ninaloulizwa nalo halijabadilika: je, kijana huyu atafika Olimpiki? Kila mwanafunzi wa sekondari anaporusha tufe mbali kuliko wenzake, watu huanza kumpigia hesabu za Olimpiki, na asipofika huko husema kipaji chake kimepotea. Shahidi wangu dhidi ya hesabu hizo ni Michael Carter.

Mwaka 1979 Carter alikuwa mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Thomas Jefferson jijini Dallas, Texas. Mwezi Juni, mjini Sacramento, California, alirusha tufe futi 81 na inchi tatu na nusu, yaani mita 24.77. Rekodi ya wanafunzi iliyowekwa mwaka 1968 ilikuwa futi 72 na inchi tatu na ushei. Katika riadha rekodi kwa kawaida huvunjwa kwa upana wa kidole; huyu kijana aliiacha hiyo nyuma kwa futi tisa. Zaidi ya miaka 40 imepita, na hakuna mwanafunzi wa Marekani aliyemfikia.

Sasa sikilizeni kosa linapozaliwa. Mwaka ule rekodi ya dunia ya wanaume iliyotambuliwa ilikuwa mita 22.15, ya Udo Beyer wa Ujerumani Mashariki. Mtu anayesoma namba mbili hizo bila kuuliza zaidi ataamini kwamba mwanafunzi wa Texas alikuwa amewapita watu wazima wote duniani kwa zaidi ya mita mbili na nusu. Hakuwapita. Tufe la wanafunzi wa kiume nchini Marekani lina uzito wa kilo 5.44, na la wanaume wazima ni kilo 7.26. Lile la shule ni jepesi kwa robo nzima, na umbali wa tufe hukua karibu kwa mraba wa kasi ambayo linatoka nayo mkononi, kwa hiyo nyongeza ndogo ya kasi huleta nyongeza kubwa ya mita. Kijana mwenye mkono mwepesi huweza kuficha udhaifu wa miguu na kiuno kwa miaka yote ya sekondari. Tufe zito halimfichii lolote.

Mtaniambia kwamba basi Carter alikuwa mkubwa wa tufe jepesi tu. Hapana. Kwa tufe la kilo 7.26 alifikia mita 21.76 mwaka 1984, na mwaka huohuo, kwenye Olimpiki ya Los Angeles, akapata medali ya fedha kwa mita 21.09, sentimita 17 nyuma ya Mwitaliano Alessandro Andrei. Hapo husimama bwana mmoja, naye hakosi katika mkutano wowote, akanikumbusha kwamba Wasovieti na Wajerumani Mashariki walisusia michezo ile. Ni kweli, bwana, walisusia. Lakini asiyekuja uwanjani hapimwi, na Carter alikuja. Januari 1985 alikuwa tena uwanjani, safari hii akiwa mchezaji wa safu ya ulinzi ya San Francisco 49ers, timu ya kulipwa ya mpira wa Kimarekani, iliyoishinda Miami Dolphins 38 kwa 16 katika Super Bowl, fainali ya ubingwa wa mchezo huo. Medali ya Olimpiki na ubingwa ule katika msimu mmoja: hakuna mwingine aliyewahi kuvipata pamoja.

Kinachonikera ni kuwasikia watu wakisema kwamba kwenye tufe hakutimiza ahadi. Ahadi ipi, na ni nani aliyeitoa? Alipopanda jukwaani Los Angeles alikuwa na miaka 23, umri ambao mrushaji wa tufe ndiyo kwanza anaanza kukomaa, kisha akaenda kwenye kazi iliyomlipa. Mkitaka kujua miaka ambayo hakuitumia kwenye tufe ingezaa nini, mtazameni bintiye, Michelle, ambaye yeye mwenyewe alimfundisha. Mwaka 2003, akiwa mwanafunzi, Michelle aliweka rekodi ya wasichana wa sekondari ya mita 16.73. Angalieni vizuri: wasichana wa sekondari wa Marekani hurusha tufe la kilo 4, lilelile la wanawake wazima, kwa hiyo namba yake tunaweza kuilinganisha bila kudanganyana. Mwaka 2008 kwenye Olimpiki ya Beijing hakukaribia medali. London mwaka 2012 alisogea, ila medali hakuipata. Rio mwaka 2016, akiwa na miaka 30, katika mrusho wake wa mwisho, alirusha mita 20.63 na kumpita Valerie Adams wa New Zealand, aliyekuwa ameshinda mara mbili mfululizo. Mita 3.90 zilimchukua miaka 13. Ni mzazi gani kati yenu aliye tayari kungoja miaka 13? Sitaki mnyooshe mikono, najua jibu.

Nilikusudia kukizungumzia kisahani kwa kirefu, lakini naona mwenyekiti anatazama saa. Niseme tu kwamba Mmarekani Al Oerter aliweka rekodi ya kisahani ya wanafunzi mwaka 1954, akashinda Olimpiki nne kuanzia 1956 hadi 1968. Na kwamba Mmarekani mwenzake, Ryan Crouser, aliweka yake ya mita 72.40 mwaka 2011, kisha dhahabu zake tatu za Olimpiki zote akazipata kwa tufe. Kisahani walichotumia shuleni nacho ni chepesi kuliko cha watu wazima.

Na aliyeuliza kuhusu nyundo: majimbo mengi ya Marekani hayana shindano hilo katika shule za sekondari, Rhode Island ikiwa tofauti inayojulikana sana, kwa hiyo mwanafunzi mwenye kipaji cha nyundo katika majimbo hayo humaliza shule akiwa hana hata namba ya kupigiwa hesabu.